Mguu wa Mama Mapasa

Iko siku moja, mwanangu Neema, ambayo siikumbuki kwa kichwa. Naikumbuka kwa wayo wa mguu wangu wa kulia. Hata leo nikikanyaga kitu laini bila kutazama, ganda la ndizi au kitambaa cha mtoto kilicholowa, moyo unaruka na lazima nishike ukuta. Siku hiyo wewe na dada yako Furaha mlikuwa na miezi minne, mmelazwa kwenye mkeka mmoja mlangoni mwa nyumba yetu ya mbao kule Majengo, mjini Goma. Mjomba wenu Kambale, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa amelala kifudifudi uani akinisubiri.

Nimeianza habari hii kwa sababu ya simu yako ya jana. Ulinipigia unacheka, ukasema, "Mama, batu bameanza kuniletea migongo yao!" Una wiki tatu tu tangu ujifungue mapacha, kitovu cha yule mdogo hakijakauka vizuri, na majirani zako wa Mabanga wameshapanga foleni. Ukaniambia Jumamosi utamkanyaga mzee mmoja, fundi wa mitumbwi wa Kituku, mgongo umemsumbua tangu masika. Ulicheka sana. Mimi nilikudanganya kwamba maharage yanaungua, nikakata simu, nikakaa kwenye kiti hadi chai ikapoa. Ndiyo maana leo nimepanda pikipiki mpaka kwako, mimi ninayeogopa pikipiki kuliko askari. Nyonyesha watoto wako, usijibu kitu, nisikilize mpaka mwisho.

Unajua vizuri jinsi watu wetu wanavyoamini. Mwanamke akizaa mapacha wanamwita mama mapasa, na wanasema tumbo lililobeba wawili limeipa miguu yake nguvu ya kuponya. Mwenye maumivu ya mgongo hulala chini, mama mapasa humkanyaga mara tatu kwa mguu wa kulia na mara tatu kwa wa kushoto, kisha mgonjwa huinuka na kwenda zake bila kugeuka nyuma. Hakuna aliyenifundisha. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Niliwazaa ninyi siku ya Jumatano, na Jumapili ya pili baada ya misa mwalimu mmoja alikuwa amelala uani kwangu na shati limepandishwa.

Nisikudanganye, nilifurahi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mgeni mjini, nimeolewa kutoka upande wa Butembo na mume anayeendesha malori, mwezi mzima simwoni. Majengo yote walikuwa hawalijui jina langu. Ghafla nikawa mtu. Wengi waliokuja walikuwa na uchovu tu wa kuinama na kubeba, na mtu mwenye uchovu ukimlaza chini na kumgusa ataona nafuu. Mfupa ukilia 'ko!' wanapiga vigelegele. Jirani yetu Mama Sifa, aliyekuwa akiuza makaa, ndiye aliyekuwa mpiga debe wangu. Alisimama barabarani akiwaambia wapita njia, "Mama mapasa iko hapa, munapeleka migongo ku hopitali ya nini?" Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi walinisifu kwa miezi minne mfululizo.

Sasa Kambale. Ulikuwa mdogo sana, humkumbuki akiwa amesimama, na hilo nalo ni kosa langu. Alikuwa mrefu, mabega mapana, mwenye utani mwingi. Alikuja Goma kunisaidia mume wangu anapokuwa safarini, akapata chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala mnyororo, akawa anashusha kabichi na viazi kutoka Kibumba mpaka sokoni. Kupanda unaisukuma, kushuka unapiga goti juu yake na kumwomba Mungu. Wasukuma chukudu wote wanaumwa mgongo, kwa hiyo Kambale alipoanza kulalamika hakuna aliyeshtuka. Tulimtania kwamba anatafuta mke wa kumkanda.

Lakini dalili zilikuwepo, mwanangu, na zilikuwa zinanitazama usoni kila asubuhi. Mkanda wake alikuwa ameutoboa tundu jipya, kisha jingine. Jioni mwili ulikuwa wa moto, na shati alilovaa kulalia ningeweza kulikamua. Kazi ilimuuma kidogo na kupumzika kulimuuma zaidi, kinyume cha watu wengine wote. Kulipokucha nilimkuta ameketi ameegemea ukuta, hajapata usingizi. Na katikati ya uti wa mgongo palikuwa na kinundu kidogo, ukubwa wa kifundo cha kidole. Mimi nilisema mfupa umetoka mahali pake.

Nilifanya jambo moja la akili, nalo ni kumpeleka kwanza kwa Koko Katungu. Huyu alikuwa bibi mzee aliyekaa nyuma ya ukuta wa parokia, mjane, na alitibu watu kwa mikono. Kwake walikuja watoto wachanga waliozaliwa na shingo imepinda, wajawazito ambao nyonga zimekaza, wanafunzi wenye mabega yaliyochoka kwa mizigo ya vitabu, wamama wanaobeba magunia kwa kamba ya kichwani, na wazee ambao magoti yao yanajua mvua kabla ya mawingu. Hakuvunjavunja mtu. Alipasha mafuta ya ng'ombe, akaweka mikono juu ya mgonjwa na kufumba macho, akakaa hivyo kimya muda wa kusali kumi moja la rozari. Siku ya kwanza mara nyingi hakufanya zaidi ya hapo. Watu wenye haraka walichoka naye, na wengi wao walikuwa wamehamia uani kwangu. Hilo nililijua na nilijivunia.

Aliweka mikono juu ya Kambale. Haikufika hata Salamu Maria tatu, akaiondoa, akafuta mafuta kwa kitambaa.

"Maumivu yake inalala ao hailali?" aliniuliza.

"Hailali, Koko. Anakaa macho mupaka jogoo inawika."

"Basi uyu simugusi. Maumivu yenye kulala iko yangu, nitaikanda. Yenye hailali iko ya munganga. Mumupeleke ku hopitali leo, musingoje kesho." Halafu akaitazama miguu yangu, akaitazama kwa muda. "Na mutu asipande pa uyu mugongo, Kahindo. Hata mutoto muchanga asipande."

Mwanangu, ningeweza kukuambia sikuelewa. Nilielewa kila neno. Lakini njiani kurudi nilikuwa nimefura kama andazi. Nilijiambia bibi huyu ana wivu, wateja wamemkimbia, sasa anataka kunizuia nisimponye ndugu yangu mwenyewe mbele ya watu. Kambale naye aliogopa hospitali, alisema ukiingia wanakulaza na msimu wa kabichi unapita. Tukakubaliana wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika na Mama Sifa akaja na maneno yake: mama mapasa gani huyu anayeponya walimu na madereva, na wa tumbo lake anamwacha anaoza?

Kambale mwenyewe ndiye aliyeniomba. "Yaya, unikanyage tu," alisema, akiniita kwa jina letu la dada mkubwa. "Nimechoka. Unikanyage nilale."

Alilala kifudifudi kwenye gunia, juu ya yale mawe meusi ya uani tuliyokuwa tumeyasawazisha kwa mikono. Majirani walikuwa kama kumi, wengine na watoto mgongoni. Niliosha mguu. Nikaupandisha mguu wa kulia juu ya kile kinundu, nikatia uzito.

Sasa nitakuambia neno ambalo sijamwambia mtu, hata padri, kwa maana padri nilimwambia nimemkanyaga ndugu yangu, sikumwambia hili. Mguu ulipogusa pale, niliona mfupa unabonyea. Haukulia 'ko!' kama mifupa ya wengine. Ulibonyea taratibu, kama parachichi lililoiva sana. Nilijua. Mwili wangu wote ulijua. Ningeweza kuteremka. Lakini Mama Sifa alikuwa ameshapiga kigelegele, wengine wamepokea, na mimi sikutaka kuteremka mbele yao kama mtu aliyeshindwa. Nikakanyaga mara ya pili. Mara ya pili ndipo palipolia.

Hapo nikateremka. Kambale akasema, "Asante, Yaya," akainuka, akatembea hatua kama tano mpaka kwenye mlango, akacheka na kumbeba Furaha. Watu wakaimba. Mama Sifa alicheza mpaka kitenge kikamfunguka. Jioni ile Kambale alisema miguu inawaka moto kama ameikalia vibaya. Kesho yake ndala zilimtoka miguuni bila yeye kujua. Siku iliyofuata aliniita kwa sauti ndogo na kuniambia anashindwa kukojoa, na alipotaka kusimama magoti yalikunjika, akaanguka juu ya sufuria ya uji wenu.

Tulimpeleka hospitali juu ya chukudu yake mwenyewe. Walimpiga picha ya mifupa, ile tunayoita radio, wakampima makohozi na damu. Daktari alikuwa kijana, amechoka, akainua ile picha kwenye dirisha na kutuonyesha mahali ambapo uti wa mgongo ulikuwa umekunjika kama tawi.

"Iko tuberkuloze ya mifupa," alisema, yaani kifua kikuu kilichoingia mifupani. "Ugonjwa ulikula huu mfupa kutoka ndani, miezi mingi. Dawa iko, na angekuja mapema, pengine leo angekuwa anatembea." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani alimukanyaga?"

Mama Sifa akasema anaenda kununua maji, na hakurudi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema guu la nani. Mimi hapa natembea mpaka leo, napanda kilima, nacheza harusini. Aliyevunjika ni mwingine.

Koko Katungu alikuja siku ya tatu, kwa mguu, na umri ule. Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane, maana tusi lingeniondolea kitu kidogo. Hakupandisha sauti. Aliketi pembeni ya kitanda, akauchukua mguu wangu wa kulia akauweka mapajani mwake kama anataka kuutibu.

"Mukono iko na masikio, Kahindo," alisema. "Inauliza, inangoja jibu. Muguu haiulizi mutu. Muguu inaamuru tu. Na weye ulipenda kuamuru."

Nililia pale mpaka wagonjwa wengine wakageuza nyuso. Aliniacha nilie. Kisha akaishika mikono yangu yote miwili na kuiweka juu ya miguu ya Kambale iliyokuwa baridi, isiyosikia.

"Uanzie hapa," akasema. "Hapa hakuna mwenye atakupigia vigelegele."

Basi ndivyo nilivyojifunza kazi hii ambayo imewasomesha ninyi, na ambayo watu wananiheshimu kwayo. Mwaka mzima Koko hakuniruhusu kukanda mtu mwingine. Nilimgeuza Kambale kila baada ya saa chache ili ngozi isioze, nilimnyoosha viungo visikauke, nilimsafisha kama nilivyowasafisha ninyi. Dawa zilimaliza ule ugonjwa, zilifanya kazi yake yote. Miguu haikurudi. Alikaa nasi miaka sita kwenye kile chumba cha mbele, na ninyi mlipanda juu yake kama kochi, mkadhani wajomba wote duniani huwa wamelala. Siku moja aliniomba nimvunjie ile chukudu iwe kuni, kwa sababu alikuwa anaiona dirishani. Niliivunja kwa shoka. Mti ule ulikuwa mgumu, tulipikia karibu wiki nzima.

Hakuwahi kunilaumu, isipokuwa mara moja, na sijui kama ile ilikuwa lawama. Nilikuwa namkanda miguu asubuhi, mvua inanyesha juu ya bati. Akaniuliza bila kunitazama, "Yaya, ile siku, chini ya muguu yako, ulisikia nini?"

Nikamwambia, "Sikusikia kitu."

Halafu akasema, "Miye nilisikia."

Niliendelea kumkanda. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yako maneno ambayo ningeweza kuyasema pale, na sikuyasema. Ningeweza kusema, ndiyo, nilisikia, na nilikanyaga tena kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Alikufa miaka miwili baadaye kwa homa ya figo, na nikamzika na uongo wangu. Huo ndio unaoniuma kuliko mguu. Leo nimeutoa mbele yako na mbele ya hawa wajukuu wanaonyonya, wasioelewa, na afadhali wasielewe.

Usinishike mkono. Bado sijamaliza.

Nimeona kwenye simu yako vijana wanaozungusha shingo za watu mpaka zinalia, na watazamaji wanaandika wamepona, wamepona. Ni vigelegele vilevile. Kelele ya mfupa si uponyaji, ni kelele tu, hata kifundo cha kidole kinalia na hakikuwa kigonjwa. Mtu anayelipenda shangilio hawezi kumsikia mgonjwa, maana vyote viwili vinaingia kwa sikio moja.

Huyo fundi wa mitumbwi akija Jumamosi, usimfukuze. Mkaribishe, mpe kiti, mwambie mama yangu yupo. Nitamuuliza kabla sijamgusa, na wewe uketi usikilize jinsi ninavyouliza, kuuliza si ujinga. Nitamuuliza kama maumivu yanalala anapolala. Kama amekonda bila kufunga. Kama ana homa za jioni, kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unamtoka au unamgomea. Akisema hapana kwa yote, na mkono wangu nao ukisema hapana, nitampashia mafuta na kumkanda taratibu, nitamfundisha kuinama kwa magoti anaporanda mbao zake, na ataendelea. Akisema ndiyo hata kwa moja, nitavaa viatu na kumsindikiza hospitali siku hiyohiyo, hata kama kuna mvua, hata kama majirani zako watasema mama mapasa na mama yake ni waongo na hawana nguvu. Waache waseme. Mimi walisema nina nguvu, ukaona zilikonifikisha.

Nasaha yangu ndiyo hiyo, mwanangu, na inamfaa hata asiyezaa mapacha. Usipande juu ya kitu usichokijua kwa sababu watu wanakushangilia. Mkuu akikuambia acha, usianze kutafuta wivu ndani ya neno lake. Na ukishakanyaga mara ya kwanza ukaona pamebonyea, teremka. Teremka palepale mbele ya watu wote, na aibu yako ikuoshe. Mimi nilikuwa na nafasi kati ya mguu wa kwanza na wa pili. Ilikuwa fupi, kama kupepesa jicho, na humo Kambale alikuwa bado ana miguu.

Lete hao watoto sasa, mmoja mmoja, niwashike. Huyu shingo yake inaelekea upande mmoja, umeona? Si kitu, alilala vibaya tumboni kwa sababu ndugu yake alimbana, tutamnyoosha polepole mwezi mzima. Nipe mguu wako pia. Nipe wa kulia, usione haya, mimi ndiye niliyeuosha wa kwanza.

Mungu aliyekupa wawili akuachie wote wawili. Aibariki mikono yako isikie kabla ya kutenda. Na mguu huu aubariki uende sokoni, uende misani, uende kwa mgonjwa na kurudi salama. Usipande mgongo wa mtu hata siku moja. Amina, mwanangu.